Swagi bapa, swagi ya kuba au hema la kawaida: ulalie nini ukienda porini Australia

Wengi wetu tunaoishi Australia tukishatulia na kazi na nyumba kinachofuata ni hamu ya kutoka mjini, mara Flinders Ranges, mara Kakadu, mara safari ndefu ya Nullarbor na gari ya rafiki, na hapo ndo mtu anaingia dukani anakuta ukuta mzima umejaa vitu vya kulalia porini na hajui achukue kipi. Wenyeji watakwambia chukua swagi. Ukiuliza swagi gani kila mmoja anataja ya kwake, sasa nimeona niziweke aina mbili, swagi bapa na swagi ya kuba, pamoja na hema la kawaida ulinganishe mwenyewe kabla hujatoa hela.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, swagi ni tandiko linaloviringishwa, ndani kuna godoro la sponji la kama sentimita 5 hadi 7, chini kuna plastiki nzito ya PVC, juu turubai zito la pamba iliyochanganywa na poliesta. Unaifungua, unaingia, unavuta zipu, umelala. Ilianza karne ya 19 na wale vibarua waliokuwa wanatembea kwa miguu kutoka shamba la kondoo hadi shamba lingine kutafuta kazi, blanketi na vitu vyao vimefungwa mgongoni, ila ya leo huwezi kuibeba mgongoni ukafika mbali, ni nzito, ni ya kurusha nyuma ya pikapu. Kama mpango wako ni kupanda milima kwa miguu siku tatu basi hii mada sio yako, tafuta hema jepesi la wapanda milima.

Vya kuangalia kabla ya kuchagua

Mimi naangalia mambo sita. Inasetiwa vipi ukifika giza limeshaingia na umechoka. Inakabilianaje na mvua, umande na hewa ndani. Usiku uko salama kiasi gani na wadudu, nyoka na magari. Matunzo yake ukirudi nyumbani, na hili watu wanalidharau sana wakati ndo linaloua swagi nyingi kuliko mvua yenyewe. Halafu uzito na hela, na mwisho inamfaa nani. Nitapita kwa kila moja hivohivo ili isionekane napigia debe upande.

Ila kuna kitu kiko juu ya vyote hivyo, nacho ni mahali unapolala. Ununue ya dola 150 au ya 600, ukiitandika pabaya haikusaidii.

Usitandike chini ya miti mikubwa ya mikaratusi, hasa ile inayoota kandokando ya mito wanayoiita river red gum. Hii miti tunaijua, hata kwetu Afrika Mashariki imepandwa sana kwa ajili ya nguzo na kuni, na ina tabia ya kuangusha tawi zima bila upepo wowote, saa ingine siku ya joto imetulia kabisa. Kivuli chake kinavutia na ndo mtego wenyewe. Pia usilale kwenye mkondo wa mto mkavu hata kama mchanga ni laini na tambarare, manake mvua inaweza kunyesha mbali huko juu ambako huoni hata wingu na maji yakakufikia usiku.

Ukiwa kaskazini, yani Top End, Kimberley, Cape York na pwani ya juu ya Queensland, kuna mamba wa maji chumvi. Ushauri rasmi wa Queensland ni ulale angalau mita 50 kutoka ukingo wa maji na angalau mita 2 juu ya usawa wa maji yakijaa, na ukae mbali na sehemu watu wanaposafishia samaki au kushushia boti. Mtu aliyekulia kando ya Rufiji au Ruvuma hili halihitaji maelezo marefu, mamba anasoma ratiba yako, ukichota maji sehemu ileile kila jioni ashakuona.

Na gari. Swagi iko chini sana, dereva anayerudi nyuma au anayeingia kambini usiku na taa zake haioni. Usitandike nyuma ya gari lolote, wala kwenye njia ya matairi hata kama inaonekana haipitwi siku hizi, tandika nyuma ya gogo au mti mdogo au jiwe kubwa, kitu ambacho dereva lazima akikwepe, na uache kataa kadogo kanawaka au ufunge kamba zenye kung'aa. Kila mtu pale kambini aambiwe kabla hajawasha gari asubuhi azunguke atazame kwanza.

La mwisho kwenye hili, moto. Moto uwe umbali wa mita kadhaa na upepo usiwe unaleta cheche kwako, na uangalie kama siku hiyo kuna marufuku ya moto, kiangazi huwa zinatangazwa mara kwa mara na faini zake sio za mchezo. Kuzima ni kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi, ukifukia na mchanga joto linabaki chini kwa masaa na mtoto akikanyaga kesho asubuhi anaungua. Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa, heater ya gesi wala makaa ya kuota ndani ya swagi au hema, hata dakika kumi, hata ukiacha dirisha wazi. Ile kaboni monoksidi haina harufu na mtu haamki. Sisi tunaotoka Njombe, Mbeya, Limuru, Bukavu tunajua habari za familia zilizolala na jiko ndani msimu wa baridi, na ndani ya swagi hewa ni kidogo kuliko chumba chochote. Baridi inatibiwa na blanketi, soksi na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.

Swagi bapa, ile ya kizamani

Kuseti. Hakuna fito, hakuna kamba, au labda kamba moja ya kichwani unayofunga kwenye mti au kwenye gari ili turubai lisikulalie usoni. Unasafisha chini, unatoa mawe na vijiti, unaangalia kama hakuna kichuguu au tundu la sisimizi, unaifungua, basi. Kama ardhi imeinama kidogo kichwa kiwe juu. Kwa mtu anayefika saa nne usiku baada ya kuendesha siku nzima hakuna kinachoishinda.

Mvua, umande na hewa. Hapa ndo udhaifu wake. Turubai linakugusa, na turubai la pamba likilowa nje halafu mwili ukawa unaligusa kwa ndani maji yanapenya pale pale, kwahiyo mvua ya usiku kucha utaamka mabega yamelowa. Umande wa kawaida inauhimili vizuri. Hewa ni nzuri ukiacha kifuniko wazi usoni, ukikifunga chote pumzi yako inageuka maji ndani, na joto nalo linapanda haraka. Wanaozitumia sana wanatembea na turubai la ziada wanalotundika juu kati ya gari na mti, mvua ikija wanakuwa na paa.

Usiku. Nyingi hazina neti, au neti ni kipande cha kutundika. Malaria Australia hakuna, ilitangazwa kuisha 1981, lakini mbu wake wanaleta virusi vya Ross River ambavyo vinakuacha na maumivu ya viungo wiki nyingi, kwahiyo chandarua bado ni chandarua. Nyoka hawakufuati kulala na wewe kama wengi wanavyoogopa, ila swagi iliyoachwa wazi mchana kutwa ni kivuli kizuri kwa kiumbe chochote, tabia ya kuiviringisha asubuhi au kufunga zipu ni lazima, na usiku kabla ya kuingia unamulika na tochi ndani mpaka miguuni. Viatu viingie ndani au vifungwe kwenye mfuko.

Matunzo. Rahisi kuliko zote kwasababu vipande ni vichache. Unaanika, unapiga brashi, unaviringisha.

Uzito na hela. Ya mtu mmoja huwa iko chini ya kilo 10 au hapo hapo, na bei inategemea unene wa turubai kuliko kitu kingine. Nzuri inaishi miaka mingi mno.

Inamfaa nani. Mtu anayelala sehemu kavu, Alice Springs, Flinders, bara la ndani mwezi wa sita mpaka wa nane, anayehamahama kila usiku, na anayependa kuona nyota. Ajiandae na baridi tu, Alice Springs mwezi wa saba mchana unaweza kuwa nyuzi 20 na usiku ikashuka chini ya 0, watu wakisikia jangwa wanabeba fulana peke yake.

Swagi ya kuba

Hii ndo utaikuta imejaa madukani. Ni swagi ileile ila ina fito mbili au tatu zinazoinua turubai likawa kama kihema kifupi, ina neti kila upande na dirisha la kichwani.

Kuseti. Dakika tano mpaka kumi ukishaizoea, mara ya kwanza zaidi, kwahiyo mara ya kwanza iwe nyumbani uani na sio porini gizani. Unatandika karatasi ya plastiki chini yake kama ardhi ni ya mawe au ina unyevu, na hiyo karatasi isitokeze nje ya swagi hata kidogo, ikitokeza inakinga mvua na kuileta chini yako. Unafungua swagi, unaelekeza upande wa miguu ulio mfupi kwenye upepo, unapiga vigingi vya pembe nne kwanza, halafu fito, halafu kamba za kichwani na miguuni unazikaza mpaka turubai liwe halina mikunjo. Fito unazisukuma, usizivute, ukizivuta zinaachana kwenye maungio na ule mpira wa ndani unakatika. Kigingi kiingie kimeinama kichwa chake kikiwa upande wa mbali na swagi. Vile vigingi vyembamba vinavyokuja nayo kwenye ardhi ngumu ya bara la ndani vinapinda, nunua vya chuma kizito, na kwa ufukweni nunua vile virefu vipana vya mchangani. Ziko zinazosimama zenyewe bila vigingi, hizo unaweza kuziweka hata juu ya kitanda cha kukunja, ila upepo ukija bado zifunge.

Mvua, umande na hewa. Ikiwa imekazwa vizuri na turubai limeandaliwa, inakaa mvua ya kawaida bila shida. Kuandaliwa maana yake ni hivi: ikiwa mpya unaiseti uani, unaimwagilia maji ya bomba mpaka ilowe kabisa hasa kwenye mishono, unaiacha ikauke yenyewe juani, unarudia mara mbili tatu. Nyuzi za pamba zinavimba zinaziba matundu ya sindano. Mtu asipofanya hivi mvua ya kwanza inavuja kwenye mishono anaenda kugombana na muuza duka, wakati ni kazi ya mchana mmoja. Swagi bapa nayo inafanyiwa hivohivo. Upande wa hewa, acha dirisha la kichwani na la miguuni wazi kidogo kila usiku hata kukiwa na baridi, ukifunga kila kitu asubuhi utakuta godoro limelowa chini na utafikiri imevuja.

Usiku. Hapa inashinda swagi bapa kwa wadudu, neti imezunguka kote na zipu zinafunga mpaka chini. Ubaya ni kwamba ukiwa ndani huwezi kukaa wima vizuri, kubadili nguo ni kazi, na kwa mwenye hofu ya sehemu finyu inaweza isimfae kabisa. Zile kamba zinakwaza watu usiku, zifunge kitambaa cheupe.

Matunzo. Adui wa kwanza ni kuifunga ikiwa mbichi. Ikibidi kuondoka asubuhi na umande basi ifungue siku hiyohiyo au kesho yake, isikae imeviringishwa mbichi siku tatu kwenye joto la gari, ukungu ukishaota alama haziondoki na harufu inabaki. Ukiota, subiri ikauke, piga brashi laini nje, halafu futa na siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya siki kwa 4 za maji, anika juani mpaka ikauke kabisa. Jiki usiguse, inakula nyuzi na ile dawa ya kuzuia maji, na sabuni za kufulia vilevile, uchafu wa kawaida ni maji na brashi tu. Usipulizie dawa ya mbu ndani wala karibu na turubai, jipake nje uingie. Zipu zinakufa kwa mchanga, kila safari zipige brashi kavu na upitishe nta ya mshumaa kidogo. Kuhifadhi iwe sehemu kavu yenye hewa, juu ya mbao au rafu, isiwe juu ya sakafu ya saruji moja kwa moja wala ndani ya mfuko wa plastiki, na isiwe na makombo manake panya wanatoboa.

Kuviringisha nako kuna namna. Toa fito uziweke zikiwa zimelala sambamba na upande unaoviringisha, acha zipu wazi kidogo hewa itoke, anza upande mmoja ukiwa umepiga magoti juu yake, kaza mikanda. Blanketi na begi la kulalia vinabaki humohumo na hiyo ndo raha kubwa ya swagi zote mbili, kitanda kinasafiri kimeshatandikwa.

Uzito na hela. Ya mmoja ni kilo 10 mpaka 15 hivi, ya wawili inaweza kuvuka 20. Ikiviringishwa ni dubwana kubwa, gari ndogo ya watu wanne na mizigo yao haibebi swagi nne za kuba bila karia. Bei za chini zinaanzia kama dola 150 hadi 250, za turubai nene zinapita 400.

Inamfaa nani. Mtu mmoja au wawili wenye pikapu au gari kubwa, wanaosafiri misimu tofauti, wanaotaka neti na kinga ya mvua lakini hawataki kusimamisha hema kila jioni.

Hema la kawaida

Kuseti. Dakika kumi na tano, ishirini, nusu saa kwa lile la familia, na linataka eneo kubwa tambarare. Gizani na upepo ukivuma watu wawili wanahitajika.

Mvua, umande na hewa. Hema zuri la nailoni au poliesta lenye kifuniko cha juu kinachofika chini linahimili mvua ndefu vizuri kuliko swagi, na mnakaa ndani mkacheza karata. Angalia ile namba ya kuzuia maji inayoandikwa kwa milimita, 1,500 ni ya mvua ya kawaida, 3,000 inakupa utulivu zaidi. Upepo ndo shida, hema refu linashikwa, wakati swagi iko chini upepo unapita juu yake.

Usiku. Sakafu imeshonwa pamoja na kuta na milango ina neti, kwahiyo kwa wadudu liko sawa kama swagi ya kuba mradi mlango usiachwe wazi. Dereva pia analiona kirahisi. Chakula kisilale ndani, na hili ni kwa zote tatu, kisiwa cha K'gari huko Queensland kwa mfano mbwa mwitu wake wanaoitwa dingo wanachana hema wakisikia harufu ya nyama, weka kwenye gari limefungwa. Kitambaa chake kinashika moto na kuyeyuka haraka kuliko turubai, usipikie ndani wala barazani mwake.

Matunzo. Linakauka haraka, hata kwenye balkoni, hilo ni jambo kubwa. Ila jua la Australia linakula nailoni, hema lililosimama juani wiki nyingi linaanza kuchanika kama karatasi, na fito za faibaglasi zinapasuka. Godoro ni la kununua pembeni, la upepo likitoboka usiku huna la kufanya.

Uzito na hela. Kwa kila kichwa ni rahisi kuliko zote, na linakunjika dogo.

Inamfaa nani. Familia yenye watoto wadogo, wanaokaa sehemu moja siku tatu nne, wasio na gari kubwa. Mtoto mchanga kwa maoni yangu asilazwe ndani ya swagi kabisa, nafasi ni finyu na turubai ni zito.

Watu watauliza kuhusu lile hema la juu ya gari. Ni zuri, liko mbali na wadudu na maji, lakini kilo zake mara nyingi ni 50 na zaidi na kila gari lina kikomo cha mzigo wa juu kilichoandikwa kwenye kitabu chake, soma kwanza, na kumbuka ukitaka kwenda dukani tu lazima ulikunje.

Sasa uchague kwa hali yako

Unaenda peke yako au wawili kuzunguka bara la ndani wakati wa baridi na kila usiku sehemu mpya, swagi bapa inatosha, ongeza turubai la kutundika na chandarua. Uluru ni safari maarufu, ujue ndani ya hifadhi hairuhusiwi kulala, utalala kambi ya Yulara.

Unataka kitu kimoja cha mwaka mzima, milima ya Victoria mwezi wa nne, pwani ya Queensland mwezi wa tisa, swagi ya kuba. Msimu wa mvua kaskazini, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, mimi nisingelala chini na chochote kati ya hivi vitatu, barabara zenyewe nyingi zinafungwa kwa mafuriko.

Unaenda mbali ambako simu haishiki, hapo kabla ya kufikiria swagi nunua au kodi bikoni ya dharura ya satelaiti, yani kale kakifaa kanakotuma ishara ya kuomba msaada, na bandeji mbili ndefu za kubana. Mtu akiumwa na nyoka mlaze atulie, usioshe jeraha, funga bandeji kwa nguvu kuanzia palipoumwa halafu mguu au mkono mzima, weka gango, piga 000 au washa bikoni, asitembee.

Mzee au mtu mwenye mgongo au magoti mabovu, kuinuka kutoka chini asubuhi kwenye swagi ni mateso, mpe swagi ya kuba inayosimama yenyewe juu ya kitanda cha kukunja, au kitanda hichohicho ndani ya hema refu.

Hujui kama utaipenda hii maisha, azima au kodi kwanza safari moja. Na kama unaishi ghorofani huna uani, huna gereji, huna hata kamba ya nje, fikiria utaianika wapi turubai la kilo 15 likirudi limelowa jumapili usiku na jumatatu una shifti ya asubuhi. Kama jibu halipo, chukua hema, litandaze juu ya viti sebuleni ukafanye kazi, jioni litakuwa limekauka.